Tochi ndogo yenye mwanga mkali: jinsi ya kuipima kabla na baada ya kuilipia

Tochi yenye urefu wa kiganja na uzito usiofika gramu 150, betri ikiwa ndani, leo inaweza kutoa lumeni 1,000 halisi (lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye tochi). Mwanga huo unatosha ua mzima wa nyumba na barabara iliyo mbele yake. Shida ni kwamba tochi hiyo hupangwa rafu moja na nyingine inayofanana nayo kama pacha, imeandikwa 100,000, na inatoa 300 tu. Mchana, dukani, macho hayatakuambia ipi ni ipi. Na hata ile ya kweli ina jambo lake: huwaka kwa nguvu zote dakika moja au mbili, kisha hujishusha yenyewe kwa sababu ya joto.

Ndiyo maana vipimo vyote vilivyo hapa chini vinazunguka swali moja: ikifika dakika ya kumi, tochi hii inatoa mwanga kiasi gani? Huo ndio mwanga utakaotembea nao umeme ukikatika. Ule wa sekunde tano za muuzaji unabaki dukani.

Utahitaji multimeta ya kawaida, mzani wa jikoni wa kidijitali, simu yenye programu ya kupima luksi (kiasi cha mwanga unaoangukia mahali), futi ya kupimia, na chumba kidogo chenye dari nyeupe. Kipima-USB, kile kidude kinachochomekwa kati ya chaja na waya, kinasaidia sana na bei yake si kubwa. Azima pia tochi moja unayoiamini namba zake. Itakuwa rula yako.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya betri kabla ya kutoa pesa

Mwanga hautoki hewani, unatoka kwenye betri, na betri ina mipaka inayojulikana. Tochi nyingi za mfukoni zenye nguvu hutumia seli ya lithiamu ya 18650. Jina lenyewe ni vipimo: upana wa milimita 18, urefu wa 65. Seli nzuri ya aina hii hubeba kati ya mAh (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) 2,500 na 3,600, na chache mpya hukaribia 4,000. Ukiona 18650 imeandikwa 9900, hakuna haja ya kuendelea kusoma boksi. Seli ya 21700, nene zaidi kidogo, hubeba 4,000 hadi 5,000 kwa kawaida. Ya 14500, iliyo sawa kwa ukubwa na betri ya AA, hubeba 800 hadi 1,000.

Sasa zidisha. Seli ya mAh 3,000 kwa volti 3.6 ni wati-saa 10.8. LED nzuri ya sasa, ukishatoa mwanga unaopotea kwenye kioo na umeme unaopotea kwenye saketi, hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja tochi ikiwa kwenye ngazi za juu. Lumeni 1,000 basi zinataka wati 10, na betri hiyo itazibeba kama saa moja. Lumeni 10,000 zingetaka wati 100: ampea 28 kutoka seli moja, na betri kuisha ndani ya dakika sita na nusu. Boksi likikuahidi lumeni 10,000 kwa saa tano kutoka seli moja, si suala la chapa wala bei. Umeme huo haumo mle ndani.

Hesabu hii ifanye kwa simu ukiwa umesimama kaunta. Inachukua nusu dakika na inaondoa zaidi ya nusu ya tochi zilizo mezani.

Kuna maneno mengine mawili ya kuyafahamu kwenye boksi. "T6" si aina ya LED. Ni daraja la mwangaza lililotumika kupanga LED ya XM-L ya kampuni ya Cree, iliyotoka 2010, na daraja hilo lilimaanisha lumeni 280 kwa mkondo wa miliampea 700. Siku hizi "T6" huchapwa kwenye chochote kinachowaka. Neno la pili ni FL 1, kiwango cha Marekani cha kupima tochi kilichotolewa 2009 na kufanyiwa marekebisho 2016 na 2019. Mtengenezaji anayekifuata hupima lumeni kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na hutoa jedwali la kila ngazi ya mwanga. Fenix na Nitecore, kwa mfano, huchapisha majedwali hayo. Lakini soma kwa makini mstari wa muda: kwa FL 1, muda huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi iliyoandikwa "lumeni 2,000, saa 3" inaweza kuwa imeshuka hadi 500 dakika ya tatu na kukaa hapohapo hadi mwisho, na jedwali likabaki halali kabisa.

Hatua ya 2: Dukani, fungua mfuniko wa nyuma

Iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, omba uione betri. "Kaka, nifungulie hapo nyuma kwanza." Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Itoe betri uipime mkononi: 18650 halisi ina gramu 43 hadi 49, na uzito huo unasikika. Seli yenye gramu 30 ina kitu kidogo zaidi ndani ya ganda, au imejazwa takataka. Kama duka lina mzani wa kupimia vifurushi, utumie.

Angalia mistari ya skrubu ya mfuniko. Kwenye tochi nzuri imekatwa mraba, minene, na haichubui kidole. Nyembamba na zenye makali huliwa na mchanga ndani ya miezi michache. Pitisha ukucha kwenye oringi, ile raba nyeusi ya duara: iwe imekaa ndani ya mfereji wake na isizunguke kwa ulegevu. Tazama springi ya nyuma. Springi nyembamba sana huzuia mkondo mkubwa, hupata moto, na baada ya muda hulegea.

Sasa funga, washa ngazi ya juu, na upige kitako cha tochi kwa kiganja mara tatu nne. Mwanga ukipepesa, kuna mguso mbovu: springi dhaifu au pete ya ndani isiyokazwa. Itikise karibu na sikio. Kusiwe na kinachogonga.

Elekeza mwanga ukutani umbali wa mita mbili. Utaona kiini cheupe katikati na mwanga laini unaokizunguka. Doa jeusi katikati, umbo la yai, au pete ya rangi ya njano iliyokolea pembeni vinaonyesha LED haikukaa katikati ya kikombe cha kuakisi. Kwa tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma, fahamu kwamba ukivuta ili mwanga ujikusanye, lenzi inakamata sehemu tu ya mwanga na uliobaki unaishia ndani ya kichwa. Lile dirisha la mraba linalong'aa ukutani linapendeza, ila umepoteza lumeni nyingi kulipata.

Hatua ya 3: Nyumbani, betri kwanza

Kabla ya kuchaji, pima volti. Seli mpya iliyohifadhiwa vizuri husoma 3.5 hadi 3.8. Chini ya 2.5 irudishe. Usijaribu kuifufua, kwa sababu seli ya lithiamu iliyokaa tupu huharibika ndani na inaweza kupata moto wakati wa kuchajiwa. Ikisoma sifuri kabisa, huenda kinga yake ya ndani imekata. Iweke kwenye chaja nzuri dakika moja na upime tena. Kama haikuamka, irudishe.

Chaji kupitia kipima-USB, juu ya kigae au sahani ya udongo, ukiwa karibu. Zingatia mambo matatu.

Kwanza, jaribu waya wenye USB-C pande zote mbili, ule wa chaja mpya za simu. Tochi nyingi za bei ya chini zina tundu la USB-C lakini zimenyimwa vizuizi viwili vya kiloomu 5.1 vinavyoiambia chaja itoe umeme. Matokeo yake zinachaji kwa waya wa zamani wenye kichwa kipana pekee. Si ubovu wa kukufanya uitupe, lakini ni vizuri kuujua leo kuliko kuugundua safarini.

Pili, volti ya mwisho. Taa ikionyesha imejaa, toa betri uipime: 4.15 hadi 4.20 ni sawa. Ikivuka 4.25, acha kuichaji humo kabisa na utumie chaja ya nje. Seli ikipata joto la kuzidi nyuzi 45 wakati wa kuchaji, simamisha.

Tatu, mAh zilizoingia. Saketi za chaji za tochi ndogo za bei nafuu kwa kawaida hupitisha mkondo uleule unaotoka USB kwenda kwenye seli, kwa hiyo namba ya kipima-USB inakaribia ujazo wa betri. Imalize betri kwanza mpaka tochi ijizime, kisha ijaze yote. Betri iliyoandikwa 9900 ikijaa baada ya kumeza 1200, hapo hakuna ubishi tena.

Na wakati betri inaisha, angalia jinsi inavyoisha. Tochi inayofaa hushuka mwanga au hupepesa kukuonya, kisha hujizima volti zikiwa kati ya 2.7 na 3.0. Inayoendelea kuwaka hafifu mpaka 2.3 haina kinga ya betri, na kwa tochi hiyo lazima ununue seli yenye kinga yake yenyewe. Seli ya namna hiyo huwa ndefu kwa milimita tatu hadi tano, hivyo hakikisha inaingia.

Hatua ya 4: Dakika ishirini chumbani

Hiki ndicho kipimo chenyewe, kifanye kwa subira. Chagua chumba kidogo chenye dari nyeupe, bafu linafaa sana, na ufanye usiku ili mwanga wa nje usiingie. Simamisha tochi sakafuni ikiangalia dari. Weka simu juu ya kigoda mita moja kutoka hapo, kioo kikiangalia juu, mahali ambapo mwanga wa tochi haufiki moja kwa moja bali unaanguka kutoka darini. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga upande wa juu karibu na spika ya sikio, usikifunike. Tangu hapo usiguse kitu wala usisogee. Hata nguo nyeupe uliyovaa inabadilisha usomaji.

Washa kwanza ile tochi unayoiamini, kwenye ngazi unayoijua, na uandike luksi baada ya sekunde 30. Kisha weka tochi mpya mahali palepale, betri imejaa, ngazi ya juu kabisa, ile ambayo wengi huiandika turbo. Andika luksi sekunde ya 5, sekunde ya 30, dakika ya 1, 2, 3, 5, 10, 15 na 20.

Usijali kama simu yako inasoma juu au chini kuliko kifaa cha maabara. Unachohitaji ni uwiano. Tochi ya kuaminika ya lumeni 500 ikisoma luksi 40, na hii mpya ikasoma 60, basi hii inatoa karibu 750.

Sasa kwa nini inashuka? Chukua tochi inayokula wati 15. Theluthi moja hivi inatoka kama mwanga, wati 10 zinabaki kama joto. Mwili wake una gramu 80 za alumini, na gramu moja ya alumini inataka jouli 0.9 kupanda nyuzi moja. Jumla ni jouli 72 kwa kila nyuzi, yaani joto linapanda nyuzi moja kila sekunde saba. Ukianza na nyuzi 30 za jioni ya Dar es Salaam, ndani ya dakika tatu uko 55, na hapo kidole hakivumilii tena. Saketi isipojishusha, LED inaungua au betri inapikwa. Kwa hiyo kushuka si kasoro. Tochi ndogo isiyoshuka kabisa ndiyo ya kuogopa, kwani ama haina nguvu inayodai, ama haina kinga.

Unachotafuta kwenye orodha yako ni mahali inapotulia. Tochi ya 18650 yenye ukubwa wa kawaida hutulia kati ya lumeni 300 na 700 kulingana na uzito wa chuma chake na ubora wa saketi. Zile fupi zaidi, za seli ya 16340, hutulia chini ya hapo. Kama mbili zinatulia pamoja kwenye 500, ile inayoanza na 2,000 na ile inayoanza na 1,200 ni tochi zilezile kwa kazi ya nusu saa, na tofauti ya bei inalipia dakika mbili.

Kuna aina mbili za kushuka. Ya saa hukata dakika ya tatu hata kama tochi ni baridi. Ya kihisi cha joto hufuata hali halisi. Ili kuzitenga, rudia kipimo feni ikipuliza tochi: mwanga ukikaa juu muda mrefu zaidi, ina kihisi, na nje kwenye upepo itakufaa zaidi. Aina ya tatu si ya kuitaka: mwanga unaoteremka taratibu bila kikomo, sawasawa na volti za betri. Hiyo imeunganishwa karibu moja kwa moja na seli, na betri ikibaki nusu, mwanga unakuwa umepungua sana.

Hatua ya 5: Umbali

Lumeni ni jumla ya mwanga. Umbali unategemea jinsi ulivyokusanywa, na hupimwa kwa kandela. Simama mita 5 kutoka ukuta wenye giza, weka simu au kipima-luksi katikati ya kiini cha mwanga, subiri sekunde 30, kisha zidisha usomaji kwa 25. Luksi 400 ni kandela 10,000. Umbali unaoandikwa kwenye maboksi ni kipeuo cha pili cha kandela, mara mbili: hapa ni mita 200. Hapa simu inaweza kukupotosha kuliko chumbani, hivyo kifaa halisi cha luksi ni bora.

Mita 200 hizo zinamaanisha mahali mwanga unapobaki luksi 0.25, sawa na mbalamwezi. Kwa mlinzi anayetaka kutambua mtu na siyo kivuli tu, hesabu nusu yake au pungufu. Kwa fundi aliye chini ya gari, mwanga wa mbali ni adha: kiini kikali kinamrudia machoni. Huyo achague mwanga mpana.

Hatua ya 6: Rangi

Wengi huruka hapa, nasi tunaomba usiruke. Chukua nyanya iliyoiva, waya wa kahawia, waya mwekundu na kipande cha nyama. Vimulike. Chini ya LED ya bei rahisi yenye weupe wa samawati, kahawia na nyekundu hukaribiana na nyama huonekana ya kijivu. Chini ya LED yenye kiwango cha uhalisi wa rangi (CRI) cha 90 kwenda juu, kila kimoja kinasimama peke yake. Fundi umeme, muuguzi na mtu wa jikoni wanaihitaji hiyo, hata ikigharimu robo hivi ya lumeni. Jicho lenyewe halioni lumeni 1,000 kuwa mara mbili ya 500. Ili mwanga uonekane maradufu unataka karibu mara nne.

Punga kalamu haraka mbele ya mwanga kwenye ngazi za chini. Ukiona kalamu nyingi zilizokatika badala ya ukungu mmoja, mwanga unazimwa na kuwashwa kwa kasi ndogo, na macho yatachoka ukisoma kwa muda.

Hatua ya 7: Swichi na mfuko

Zima taa, lowesha mikono, iokote tochi gizani na uiwashe ngazi ya chini kwa mkono mmoja. Je, umelazimika kupita kwenye kupepesa na SOS ili ufike? Kila siku utalazimika hivyo. Ngazi ya chini kabisa iwe lumeni moja hadi tano. Ndiyo itakayokufikisha chooni bila kuamsha watoto, na ndiyo inayodumu siku kadhaa.

Tochi yenye kitufe cha pembeni hula umeme kidogo hata ikiwa imezimwa. Toa mfuniko, weka multimeta kwenye mikroampea kati ya kitako cha betri na ukingo wa chuma wa mwili, na usibonyeze swichi, la sivyo fyuzi ya mita itaungua. Mikroampea 50 ni sawa, betri ya mAh 3,000 ingekaa miaka karibu saba. Miliampea 5 itaimaliza kwa siku 25, na utaikuta imekufa siku unayoihitaji.

Legeza mfuniko robo mzunguko, bonyeza. Isiwake. Ikiwaka, mistari ya skrubu haikupakwa tabaka la kuzuia umeme, na njia hii rahisi ya kuifunga haipo. Jambo hili ni zito: tochi ya lumeni 1,000 ikijiwasha mfukoni huchoma kitambaa na ngozi.

Hatua ya 8: Maji na chumvi

Alama ya IPX kwenye boksi huonyesha kinga dhidi ya maji. IPX4 ni matone ya mvua. IPX7 ni mita moja kwa dakika 30. Paka oringi grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya mgando ya kujipaka huvimbisha baadhi ya raba. Toa betri, weka kipande cha tishu ndani, funga, zamisha tochi kwenye ndoo ya maji baridi sentimita 20 kwa dakika kumi. Ikaushe, fungua. Tishu ikiwa na unyevu, kagua kwanza kizibo cha raba cha tundu la USB.

Kwa walio pwani, wavuvi hasa: maji ya bahari yakikauka kwenye mistari ya skrubu huacha chumvi inayokula alumini mpaka mfuniko unagoma kufunguka. Suuza kwa maji baridi ya bomba usiku huohuo, kausha, kisha safisha sehemu za mguso kwa pamba yenye spiriti.

Ukimaliza, chukua karatasi yenye orodha ya dakika na uangalie namba ya dakika ya kumi. Hiyo, pamoja na mAh zilizoingia kweli, ndiyo unayoilinganisha na bei. Kama duka lina siku saba za kurudisha bidhaa, fanya hatua ya 3 na ya 4 siku ya kwanza, piga picha za usomaji, na uhifadhi boksi. Tochi ya akiba utakayoiweka kabatini usiiache imejaa: ichaji hadi volti 3.7 hivi, legeza mfuniko robo, na uipime tena kila baada ya miezi mitatu.